Upande wa kutisha wa nchi ya majanichai

MIJI mashuhuri ya Ulaya imejifunza kuuza hofu zake kwa tiketi. Jijini Paris, Ufaransa, mgeni hulipa kiingilio na kushuka ngazi hadi kwenye mapango ya chini ya ardhi ambako mifupa ya watu wanaokadiriwa kuwa milioni sita imepangwa ukutani mfano wa kuni. Ilianza kuhamishiwa huko mwaka 1786, makaburi ya mjini yalipofurika.

Mjini Edinburgh, Scotland, vichochoro vya kale vilivyofunikwa na majengo vilifunguliwa kwa watalii mwaka 2003. Na jijini London wako watu wanaojipatia riziki kwa kuwatembeza wageni usiku mtaani Whitechapel, wakiwaonyesha mahali wanawake watano walipouawa mwaka 1888 na mtu ambaye hakutambuliwa kamwe.

Nyanda za majanichai za Kericho na Bomet hazijafika huko. Mgeni apitaye hapa huonyeshwa ule ukijani uliokatwa sawia kama zulia, wachumaji wenye vikapu mgongoni, ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri. Vitabu vya wasafiri huishia hapo.

Hata hivyo nchi hii ina upande wake wa kutisha, tena mzito kuliko ule wa miji hiyo, kwa kuwa hofu ya huku haikukomea katika masimulizi ya jioni. Iliwahi kuandikwa kuwa sheria, na kwa nguvu ya sheria hiyo watu wapatao 700, wazee kwa watoto, wakang'olewa makwao.

Zimwi la mguu mmoja

Msafiri anayetoka mjini Kericho kuelekea Litein, kwenye barabara iendayo Sotik na Kisii, hupita mahali paitwapo Chemosit. Upo pia mto wa jina hilo, ambao maji yake huishia katika Mto Sondu na hatimaye Ziwa Victoria. Abiria wengi hulitamka jina hilo kwa makondakta bila kuwaza zaidi. Ndilo jina ambalo Wakalenjin hulipa zimwi la hadithi zao.

A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya Uingereza aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika jinsi alivyoelezwa sura ya chemosit: nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja lakini makalio tisa, na kinywa chekundu king'aacho gizani kama taa. Hujikongoja kwa fimbo iliyo mfano wa mkuki, na chakula chake ni watu. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wanaosikilizana lugha, hivyo aliyoyasikia Hollis upande wa Nandi hayakuwa mageni upande wa Bureti.

Mwenye kuzijua ngano za pwani atamkumbuka Nunda mla watu, paka aliyeanza kwa kula mifugo na kuishia kula binadamu, ambaye hadithi yake ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa ngano za Unguja. Tofauti ni kwamba Nunda aliuawa na mwana wa sultani na hadithi ikafungwa. Chemosit hana aliyemuua.

Walowezi wa Kizungu walipofika nyanda za juu, wao nao wakaanza kumwona. Mwaka 1912 jarida la chama cha wachunguzi wa viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda lilichapisha maelezo ya Geoffrey Williams kuhusu mnyama wa ajabu aliyemwona miaka kadhaa kabla katika uwanda wa Uasin Gishu. C. W. Hobley, ofisa mkuu wa utawala, akakusanya taarifa nyingine, zikiwemo za wajenzi wa reli ya Magadi. Mnyama huyo akapewa jina la dubu wa Nandi, ijapokuwa Afrika kusini mwa Sahara haina dubu wa porini.

Wataalamu wengi wameona kwamba waliokutana naye waliona fisi mkubwa, au nyegere mzee mwenye mwendo wa kuyumba, katika mwanga hafifu. Wako waliothubutu kumtaja mnyama wa kale aliyetoweka, ambaye masalia yake yamechimbuliwa katika eneo hili la Afrika. Ngozi au fuvu la kuthibitisha dai hilo halijapatikana.

Jambo moja halisisitizwi vya kutosha. Zimwi la wenyeji lilikuwa na mguu mmoja na taa kinywani, na lilikaa hadithini likiwafundisha watoto kutofuata kila mwanga wauonao gizani. Zimwi la walowezi lilikuwa na manyoya, mabega yaliyoinuka na nyayo za kupimwa kwa futi. Walilichukua jina, hofu wakaileta yao.

Nchi isiyo na makaburi ya kale

Anayetafuta mizimu huanzia makaburini. Kwa Wakalenjin wa zamani hatua hiyo ya kwanza ingemshinda, kwani makaburi yalikuwa haba. Kama Hollis alivyoeleza kuhusu Wanandi, maiti ya mtu mzima ilichukuliwa usiku na kulazwa nje, upande wa magharibi wa nyumba, ili fisi waje. Waliozikwa walikuwa wazee sana na watoto wachanga, na hao waliwekwa karibu na lundo la samadi ya zizi.

Kwa sikio la leo desturi hiyo inasikika ya kikatili. Haikuwa hivyo kwa wenyewe. Fisi alikuwa mpatanishi, mnyama aliyedhaniwa kuzungumza na roho za wafu, na roho zenyewe, oiik, hazikufungiwa mahali pamoja. Nyoka aliyeingia nyumbani na kuelekea kitandani kwa mama hakuuawa. Alidhaniwa kuwa ni mzee wa ukoo aliyekuja kutazama wajukuu, akamwagiwa maziwa na kuachwa aende zake.

Hivyo Mparisi ana wafu wake chini ya miguu, wamehesabiwa na kupangwa, na asiyependa kuwaona hashuki ngazi. Mkipsigis wa karne ya 19 hakuwa na ngazi ya kutoshuka. Aliyekufa angeweza kurudi wakati wowote, kwa umbo dogo la kimya, hadi mlangoni.

Hata mbingu ilikuwa na mambo yake. Kericho na Nandi Hills huhesabiwa miongoni mwa mahali duniani panaponyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 zilifanywa juhudi za kuitawanya kutoka angani ili kuokoa majanichai. Kabla ya hapo ngurumo ilikuwa ya Ilet, na walikuwako wawili, mwema na mbaya. Radi ilipozidi, mtu wa ukoo wa Toiyoi, ambao una undugu na ngurumo, alichukua shoka, akalisugua katika majivu ya mekoni na kulitupa nje akiiamuru inyamaze.

Mahubiri ya Kikristo yalibadilisha mengi ya hayo. Litein yenyewe ni kituo cha kale cha misheni ya Africa Inland, na hospitali ya AIC Litein ingali hapo. Siku hizi wafu huzikwa katika shamba la familia, mara nyingi hatua chache kutoka ilipoishia michai. Lakini kuna hofu moja ambayo mahubiri hayakuimaliza, nayo ndiyo kiini cha habari hii.

Ukoo unaotajwa kwa sauti ya chini

Orkoiyot, ambaye wingi wake ni orkoiik, alikuwa kiongozi wa mambo ya roho. Wazungu walimwita laiboni, kwa jina la Kimaasai, na ukoo wake wa Talai husimuliwa kuwa ulitokana na malaiboni wa Kimaasai. Alibashiri, alibariki vita na uvamizi wa mifugo, alitambua wakati wa kupanda na wakati wa kungoja. Kila eneo lilikuwa na wajumbe wake, maotik, waliomletea habari.

Hakuwa mchawi. Mchawi kwa lugha hiyo ni ponindet, mtu aliyejificha, ambaye akibainika aliweza kuuawa. Orkoiyot alijulikana na wote, akapewa sehemu ya ng'ombe waliotekwa, na hakuna aliyethubutu kumkataa. Lakini mwenye uwezo wa kubariki anao pia uwezo wa kulaani, na laana ya Talai iliaminika kufuata vizazi. Watu waliwatafuta na kuwakwepa kwa pamoja. Walipatwa na mema wakaleta zawadi. Walipatwa na mabaya wakatazamana.

Uchungu wa hali hiyo ulimpata Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Nandi. Baada ya maafa kufuatana, Wanandi wenyewe walimpiga marungu hadi kufa mnamo mwaka 1890. Husimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka atakayepumua moshi akitokea baharini mashariki kwenda kunywa maji katika ziwa la magharibi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiwa imepita Lumbwa, ambako leo ni Kipkelion, katika kaunti hii hii ya Kericho.

Wanawe wawili waligombea urithi. Koitalel arap Samoei alishinda na kubaki Nandi. Kipchomber arap Koilege alikimbilia kusini kwa Wakipsigis, akapokelewa, na hapo ndipo orkoiik wa Kericho, Bureti na Sotik walipopata nguvu.

Mwaka 1905 ulikuwa mbaya kwa pande zote mbili. Kikosi cha Waingereza kilipelekwa Sotik kuwaadhibu wenyeji waliokataa kurudisha mifugo iliyotekwa kutoka kwa Wamaasai. Na mnamo Oktoba 19, Koitalel alikwenda kukutana na ofisa Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea Meinertzhagen lawama, lakini aliondolewa nchini mwaka uliofuata.

Kipchomber hakuuawa. Mwaka 1914 yeye na ndugu zake, Kipngetuny arap Boisio na Kibuigut arap Sing'oei, walihamishwa hadi nchi ya Wakikuyu, mbali na watu wao. Kipchomber hakurejea akiwa hai. Wakuu wa serikali walidhani wamekata kichwa cha jambo. Kumbe waliacha ukoo mzima nyuma, wenye kinyongo, na majirani wenye hofu.

Hofu yaandikwa kuwa sheria

Katikati ya hayo ardhi ilikuwa ikitwaliwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitolewa kwa koloni la maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, wakalime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mpango huo ukafa upesi. Wenyeji hawakurudishiwa ardhi. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na miche ya chai ikapandwa. Litein ilikuwa ng'ambo ya pili ya mpaka huo, katika eneo lililoachiwa Wakipsigis, na ndiyo sababu hata leo kiwanda cha chai cha Litein ni cha wakulima wadogo walio chini ya KTDA, ilhali jirani kuna mashamba makubwa yasiyo na boma hata moja la mwenyeji ndani yake.

Talai walilaumiwa kwa kila kilichokwenda kombo. Walisemwa kuwa wanaendesha wizi wa ng'ombe, kwamba machifu wanawaogopa wao kuliko serikali, kwamba wanapanga uasi. Upande wa Nandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 kwa tuhuma za kupanga maasi, na hakuachiliwa hadi mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kujitawala. Miaka 41 kizuizini ni muda ambao wafungwa wa kisiasa wanaotajwa zaidi katika historia ya nchi hawakuukaribia.

Koloni ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1925, lakini sheria hiyo ilimtaka mshtaki aonyeshe nani alifanya nini. Kwa Talai wa Kericho serikali iliona njia fupi zaidi. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha malaiboni, iliyoruhusu ukoo mzima kuondolewa. Haikuhitaji mtu athibitishwe kosa. Kuzaliwa Talai kulitosha.

Hapa msomaji anafaa kutua kidogo. Maofisa waliosoma katika vyuo vikuu vya Uingereza, ambao wangecheka wakiambiwa juu ya chemosit, waliketi mezani na kuandika sheria iliyosimama juu ya imani ile ile ya mwanakijiji: kwamba ubaya u katika damu ya ukoo, na kwamba mtoto mchanga wa Talai ni hatari kama babu yake. Hawakuwa na haja ya kuamini uchawi. Iliwatosha kwamba majirani wa Talai waliamini, na kwamba wengi wao hawangelia kuwaona wakiondoka.

Gwassi

Mahali palipochaguliwa palikuwa Gwassi, kandokando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Watu wapatao 700 walipelekwa huko pamoja na mifugo yao. Kwa mtu wa nyanda za baridi, Gwassi ilikuwa hukumu nyingine juu ya hukumu ya kwanza: joto, mbu wa malaria na mbung'o waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Waliishi kwa kuwekewa mipaka, mbali na ndugu, katika nchi ambayo lugha yao haikusemwa.

Walioondoka wakiwa vijana walioa, wakazaa na kuzika huko. Walianza kurudishwa kidogo kidogo baada ya Vita Vikuu vya Pili, na wa mwisho walirejea karibu na uhuru. Waliporudi walikuta makao yao yamekaliwa na wengine. Wengi waliishia katika vipande vidogo kandokando ya mji wa Kericho, wakitazamana na mashamba ya kampuni.

Ubaya wa sheria kama ile ni kwamba hufutwa vitabuni kabla ya kufutika vinywani. Ukoo uliokwisha kutangazwa na serikali kuwa hatari haukurudi ukiwa ukoo kama mingine. Watu wa Talai wamekuwa wakilalamika kwa miaka kwamba hunyimwa mchumba au ardhi kwa sababu ya jina. Wakati huo huo, wanasiasa hawakomi kuwaendea. Mwaka 2020 wazee wa Talai walimfanyia sherehe ya kimila William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, na mzozo mkali ukazuka miongoni mwa Wakalenjin kuhusu maana ya tendo hilo. Hofu na heshima zingali zikilala kitanda kimoja.

Vitu vilivyovuka bahari

Baada ya kumuua Koitalel, Meinertzhagen alichukua fimbo zake za uongozi na kwenda nazo Uingereza. Zilikaa mikononi mwa familia yake kwa takriban karne moja hadi mwanawe alipozirejesha Kenya mwaka 2006. Kinachosemwa na Wanandi zaidi ya hapo ni kwamba kichwa cha Koitalel nacho kilikatwa na kupelekwa London. Madai ya kukirudisha yametolewa mara nyingi, na kichwa hakijapatikana.

Mtalii anayezunguka London akitafuta mambo ya kutisha huonyeshwa vichochoro vya Whitechapel na minara ambamo malkia walikatwa shingo. Hakuna anayemwonyesha kabati ambalo huenda lina kichwa cha mtu aliyekwenda kuzungumza amani karibu na Nandi Hills.

Madai ya ardhi nayo yamechukua njia ndefu. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliafiki kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kueleza wasiwasi wao kwamba waathiriwa hawajaombwa radhi wala kulipwa fidia. Agosti 2022 mawakili wao walifungua kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg, Ufaransa. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alizungumzia huzuni na majuto kwa matendo ya enzi ya ukoloni, lakini neno la kuomba radhi hakulitamka.

Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha wenyewe. Unilever, iliyoinunua Brooke Bond mwaka 1984, iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Mwaka 2023 kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilifikia makubaliano ya kununua mashamba ya James Finlay, na asilimia 15 ya hisa ikatajwa kuwa ya ushirika wa wenyeji. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kununua pia yale yaliyokuwa ya Brooke Bond.